Daktari, Kizazi cha Binti Yetu Kimekwisha?

Barua nne kati ya zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni saratani ya damu kwa mabinti na hofu ya kutozaa. Nimeziweka pamoja ili zijibiane, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kuwatambulisha waandishi wake.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama mdogo wa binti wa miaka 19, tunaishi Tanga. Alianza kwa kuchoka, fizi zikawa zinavuja damu, na miguuni akatoka vidoa vyekundu tukadhani ni mbu. Hospitali walipopima walikuta chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni 14,000, tukakimbizwa Dar es Salaam. Huko walimtoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, wakatuambia ni saratani ya damu ya limfoblasti, ile kali, na siku ya nne dripu za dawa za saratani zikaanza. Hakuna aliyetaja habari za kuzaa. Tunamshukuru Mungu ugonjwa umetulia, lakini bibi yake analia kila siku kwamba tumemwokoa mtoto tukawazika wajukuu. Sasa madaktari wanasema ugonjwa wake ni wa aina inayopenda kurudi, wanashauri apelekwe India akapandikizwe uboho wa kaka yake. Je, tulikosea kukubali dripu kabla ya kuhifadhi mayai yake? Bado kuna lolote la kufanya? Yeye mwenyewe hatujamwambia, tunaogopa kumvunja moyo.

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana. Nianze na lile linalomliza bibi, kwa sababu halipaswi kuendelea kumliza: hamkukosea. Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000 katika kila tone dogo linalopimwa, na mwenye 14,000 anaweza kuvuja damu kichwani hata bila kujikwaa. Saratani kali ya damu huongezeka kwa siku, haisubiri miezi. Kuvuna mayai kunataka sindano za homoni kwa muda wa siku 10 hadi 14, kisha sindano ndefu ipitishwe ukeni mpaka kwenye ovari na kufyonza mayai yaliyokomaa. Kumfanyia hivyo mtu ambaye damu yake haigandi, na ambaye chembe zake nyeupe haziwezi kupambana na vijidudu, kungeweza kumuua kabla saratani haijapata nafasi. Hata katika nchi zenye vituo vingi vya uzazi, wagonjwa wengi wa saratani kali ya damu huanza dawa bila kuhifadhi chochote, na sababu ni hiyohiyo.

Kasoro ipo, lakini si yenu. Mlistahili kuambiwa, hata kama jibu lingekuwa kwamba kwa leo haiwezekani. Ninajua jinsi neno hili linavyopotea wodini, kwa sababu nami nimelipoteza. Miaka mingi iliyopita, usiku, nilikuwa nikitafuta mshipa kwenye mkono wa msichana aliyekuwa na umri kama wa binti yenu. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, na binti akaniuliza kwa sauti ya chini ili baba asisikie, “Dokta, nitazaa?” Nikamjibu, “Tupone kwanza.” Kwa usiku ule lilikuwa jibu sahihi. Ila wiki zilizofuata, hali yake ilipotulia, sikurudi kitandani kwake kulikamilisha, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana barua yako nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine.

Sasa tuje kwenye kilichobaki, na kilichobaki si kidogo. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo hubaki na kama 300,000 hadi 400,000, na hatengenezi mengine. Dawa za saratani hazifanani katika kuyadhuru. Zile zinazotumika sana mwanzoni mwa tiba ya saratani kali ya damu, kama vile vinkristini, daunorubisini na sitarabini, kwa kawaida huziacha ovari zikiwa na akiba ya kutosha, na wasichana wengi waliotibiwa kwa dawa hizo peke yake huona siku zao tena. Zinazochoma akiba ni za jamii ya saiklofosfamidi, busalfani na melfalani, hasa zikitolewa kwa dozi kubwa, pamoja na mionzi ya mwili mzima. Hizo ndizo hutolewa katika siku za kumwandaa mgonjwa kwa kupandikizwa uboho, ili kufuta uboho wake wa zamani kabla ya kumpa mpya. Baada ya maandalizi ya namna hiyo kwa dozi kamili, zaidi ya wanawake 8 katika kila 10 ovari zao huacha kufanya kazi.

Unaona basi hatari kubwa ilipo, mama. Iko mbele yenu, huko India, na haiko kwenye zile dripu za Dar es Salaam ambazo bibi anazilaumu. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni huu, kati ya ugonjwa kutulia na tarehe ya kupandikiza, na muulize kwa sauti ya kusikika. Mwambieni daktari wa damu hivi: “Tunaomba kabla ya maandalizi ya upandikizaji binti aonane na daktari wa uzazi.” Ombi hilo halimcheleweshi mtu, ni barua moja ya rufaa.

Daktari wa uzazi atakuwa na njia mbili za kuwaeleza. Ya kwanza ni kugandisha mayai. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuihesabu kuwa ya majaribio mwaka 2012, ingawa mtoto wa kwanza kutokana na yai lililogandishwa alizaliwa Australia tangu mwaka 1986. Mayai hutunzwa ndani ya naitrojeni iliyo kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na hukaa humo miaka bila kuzeeka. Ili yavunwe, lazima chembe sahani na chembe nyeupe ziwe zimepanda, na daktari wa damu akubali kupisha kama wiki mbili kati ya duru za dawa. Siku hizi si lazima kusubiri hedhi ndipo sindano zianze. Zinaweza kuanza siku yoyote ya mzunguko. Shida ni kwamba yai huchukua miezi kadhaa kukomaa, hivyo mayai yanayovunwa punde baada ya dripu yalikuwa yanakua wakati dawa zinapita mwilini na huenda yakawa yameguswa. Wataalamu wengine hupenda kungoja, lakini mgonjwa wa saratani inayorudi hana nafasi ya kungoja sana. Vilevile mayai huenda yakawa machache. Nami nawaomba msiyahesabu mayai kama watoto: mayai kumi hayawi watoto kumi, kwa kuwa mengine hufa wakati wa kuyeyushwa, mengine hayatungi, na mengine hutunga yasishike.

Njia ya pili ni kutoa kipande cha ovari, au ovari moja nzima, kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, kisha kukigandisha. Haihitaji sindano za homoni na hufanyika ndani ya siku chache. Mtoto wa kwanza kwa njia hii alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004, na mama yake alikuwa ameugua saratani ya tezi za limfu. Kwa saratani ya damu lipo onyo ambalo ni lazima mlisikie, kwa sababu wapo watakaowauzia huduma bila kulitaja. Saratani hii huzunguka na damu, na ovari ina damu. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2010 kwamba vipande vya ovari vya wagonjwa wa saratani ya limfoblasti vinaweza kubeba chembe za ugonjwa, na kuvirudisha mwilini kunaweza kuurudisha ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo kipande hakitolewi siku ugonjwa unapogunduliwa. Hutolewa ukiwa umetulia, na kabla ya kurudishwa hupimwa kwa vipimo vya vinasaba. Mwaka 2018 madaktari wa Israeli waliripoti mtoto aliyezaliwa na mama aliyepona saratani ya damu ya aina nyingine, baada ya kurudishiwa ovari yake kwa tahadhari hizo. Ni habari njema, lakini kwa binti yenu ningeiita akiba ya kutunzwa huku sayansi ikiendelea, na nisingemwahidi zaidi ya hapo.

Mtasikia pia habari za sindano ya kila mwezi ya kulaza ovari, kama goserelini. Ina kazi nzuri wodini, nayo ni kuzuia hedhi isimwage damu nyingi wakati chembe sahani ziko chini. Kwamba inalinda mayai ya mgonjwa wa saratani ya damu halijathibitika, hivyo isikubaliwe badala ya hizo njia mbili.

Waulizeni pia madaktari kama maandalizi yatakuwa na mionzi ya mwili mzima. Mionzi hudhuru ovari na pia mji wa mimba, ambao huweza kushindwa kutanuka vema baadaye, na hapo mimba hutoka au mtoto huzaliwa kabla ya siku zake. Wakati mwingine yapo maandalizi ya dozi ndogo zaidi, na wakati mwingine mionzi ndiyo inayomwokoa mgonjwa. Hapo uamuzi ni wa daktari wa damu, nami singependa mtu yeyote apunguze tiba ya saratani kwa ajili ya mtoto ambaye hajatungwa.

Kuhusu mahali, msidhani huduma hii iko Ulaya peke yake. Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa maabara mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, na vituo vya namna hiyo vimeongezeka katika ukanda wetu. Kama mnakwenda India, nchi hiyo ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kusimamia vituo vya uzazi wa kusaidiwa, basi ombeni kuonyeshwa cheti cha usajili. Waulizeni gharama kwa mafungu yake: sindano, uvunaji, ugandishaji, na ada ya kutunza ya kila mwaka, ambayo ndiyo familia nyingi huisahau mpaka bili ije. Waulizeni pia mayai yataandikwa kwa jina la nani, na yatasafirishwaje siku mtakapoyataka nyumbani.

Nimeliacha mwisho jambo lililo gumu kwenu. Mwambieni binti. Ana miaka 19, ni mtu mzima, na mwili ni wake. Hata kisheria, saini itakayotakiwa ni yake. Nyinyi mnadhani mkikaa kimya hajui, kumbe huenda anajua na anawalinda nyinyi, kama yule aliyeniuliza kwa kunong’ona. Mmoja wenu anayemwamini, pengine wewe mama mdogo, akae naye wawili tu, bila bibi, bila wajomba, amweleze kwamba kuna swali na kwamba jibu lake ndilo litakalofuatwa. Akisema hataki kuhifadhi chochote, anataka kupona aende zake, hilo nalo ni jibu kamili.

SWALI: Dokta, nina miaka 27, niko Eldoret. Nina saratani ya damu ile ya polepole, ya mailoidi, na huu ni mwaka wa nne natumia vidonge vya imatinibu. Vipimo ni vizuri. Harusi yangu ni Desemba na nyumbani kwa mchumba wameanza kuuliza habari za watoto. Naweza kuviacha kwa muda nishike mimba?

JIBU: Hongera kwa harusi, dada. Kabla ya dawa hiyo kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, wengi wenye ugonjwa wako hawakufika mbali bila kupandikizwa uboho. Leo wewe unapanga harusi. Basi usiviache kwa uamuzi wako. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo ukiwa unaimeza tumia njia ya uhakika ya uzazi wa mpango tangu usiku wa harusi.

Njia ipo, lakini inapita kwa daktari wako. Muulize matokeo ya kipimo cha jeni ya BCR-ABL, kinachoonyesha ugonjwa uliobaki ni kiasi gani, ya miaka yote minne, yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Kama ugonjwa umeshuka sana na kubaki chini kwa angalau miaka miwili mfululizo, anaweza kukusimamisha dawa na kukupima kila mwezi. Karibu nusu ya wanaosimamishwa ugonjwa huanza kupanda tena, wengi wao ndani ya miezi sita, na wengi wao hutulia wakirudishiwa vidonge. Ukipanda wakati una mimba, ipo dawa ya intaferoni ambayo hutumika kwa wajawazito. Kama vipimo bado havijafika hapo, subiri. Na ikitokea umeshika mimba ukiwa kwenye vidonge, nenda kliniki siku hiyohiyo, usijifiche na usijitolee hukumu mwenyewe.

Mchumba wako aje naye kliniki. Maswali ya nyumbani kwao ayajibu yeye.

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Binti yangu ana miaka 16, anatibiwa saratani ya damu, na sisi ni Waislamu wa Unguja. Tumeambiwa habari ya kuvuna mayai. Je, si kumvunja ubikira? Na dini inaruhusu kwa asiyeolewa?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Swali la kwanza naweza kulijibu kama daktari. Njia ya kawaida hupitia ukeni, lakini si njia pekee. Kwa msichana bikira, picha za mawimbi ya sauti zinaweza kupigwa juu ya tumbo, na mayai yakavutwa kwa kupitia tumboni akiwa amelazwa usingizi. Kipande cha ovari nacho hutolewa tumboni. Mseme mapema, kabla ya tarehe kupangwa, mwombe na daktari wa kike, na mama awe karibu; kituo chenye adabu hakitashangaa. Kwa msichana ambaye hajavunja ungo, kipande cha ovari ndiyo njia pekee iliyopo.

La pili ni la masheikh wenu, nami nitataja tu yanayojulikana. Wanazuoni wengi wa Sunni wamekubali mimba ya kusaidiwa iwapo yai ni la mke na mbegu ni za mume, ndoa ikiwa hai, bila mtu wa tatu. Dar al-Ifta, taasisi ya kutoa fatwa ya Misri, imeruhusu kugandisha mayai kwa masharti ya namna hiyo, likiwemo kwamba yai lisitumike ila ndani ya ndoa na lilindwe lisichanganywe na la mwingine. Nendeni kwa sheikh na barua ya daktari inayoeleza ugonjwa na dawa zitakazotolewa, kwa kuwa mtu huulizwa fatwa kwa hali halisi. Wasomaji Wakatoliki wajue kwamba waraka wa Vatikani wa mwaka 2008 uitwao Dignitas Personae unakataa kugandisha mayai kwa ajili ya kutungisha maabara. Kipande cha ovari kikirudishwa, mimba inaweza kutunga ndani ya ndoa kwa njia ya kawaida, hivyo suala hilo wanaweza kulipeleka kwa padri wao kama swali jingine.

SWALI: Nina miaka 24, Mwanza. Nilimaliza matibabu miaka mitatu iliyopita, sikupandikizwa uboho, na hedhi imerudi. Nimeolewa. Je, hedhi ni ushahidi kwamba nitazaa? Na mtoto hatarithi ugonjwa?

JIBU: Hedhi ni dalili njema, lakini haionyeshi akiba iliyobaki ni kubwa kiasi gani. Omba kipimo cha damu cha homoni ya AMH, inayoashiria akiba ya mayai, pamoja na picha ya ovari. AMH hushuka sana mara baada ya dawa za saratani na kupanda polepole, hivyo majibu ya leo yana maana zaidi kuliko yale ambayo ungepata mwaka ule. Waliopata dawa hizi huweza kukoma hedhi mapema kuliko wenzao. Kama wewe na mumeo mnataka watoto, na daktari wako wa damu ameridhika, sioni faida ya kuahirisha mpaka miaka 35.

Mtoto kwa kawaida harithi saratani ya damu, na waliofuatiliwa baada ya kuzaliwa na mama waliotibiwa hawajaonekana kuugua saratani kuliko watoto wengine, isipokuwa katika zile familia chache zenye ugonjwa wa kurithi.

Jambo moja lisipite. Daunorubisini huweza kuudhoofisha moyo bila mtu kujua, na mimba huuongezea moyo kazi kubwa. Kabla ya kujaribu kushika mimba, pigwa picha ya moyo, ile ya mawimbi ya sauti inayoitwa eko, na uende na karatasi yenye orodha ya dawa zote ulizopewa na jumla ya dozi zake. Karatasi hiyo iombe sasa, wodi ulikotibiwa, kabla faili lako halijapelekwa stoo.